Rangi za maji: nunua chache, zijue tabia

Swali ninaloulizwa sana ni hili: mbona zambarau yangu inatoka chafu, na tuliambiwa nyekundu na buluu huzaa zambarau? Huzaa kweli, ila inategemea nyekundu ipi na buluu ipi. Nyekundu ya kadimiamu huelekea rangi ya chungwa, yaani ni kama ina njano ndani yake. Ukiitia buluu, rangi tatu za msingi (nyekundu, njano na buluu) zinakuwa zimekutana, na zikikutana hivyo rangi hufifia na kuwa kahawia. Tumia waridi ya kwinakridoni (msimbo wake kwenye tyubu ni PV19) pamoja na buluu ya ultramarini, utaona tofauti palepale.

Buluu nazo zina tabia zake. Ultramarini (PB29) huvutia kwenye zambarau, thalo (PB15) huvutia kwenye kijani. Nikitaka kijani kikali nachanganya thalo na njano ya limau, lakini thalo nachota kwa ncha ya brashi tu, maana humeza kila kitu. Kijani kilichotulia nakipata kwa ultramarini na njano ileile.

Hizo herufi na namba, kama PV19, zimeandikwa ubavuni mwa tyubu kwa maandishi madogo. Ziamini kuliko jina la rangi, kwa kuwa jina ni hiari ya mtengenezaji. Msimbo mmoja maana yake pigmenti moja, yaani unga mmoja unaoipa rangi wekundu au ubuluu wake. Ikiwa mitatu, umenunua mchanganyiko tayari. Ongeza rangi zako mbili hapo na kuna hatari ya kupata tope. Ukikuta PR83 (nyekundu ya alizarini), iache, hupauka kwenye mwanga.

Nyeusi mimi sinunui. Ultramarini na siena iliyochomwa, ambayo ni kahawia yenye wekundu, zinatosha. Ziache zikutane kwenye karatasi iliyolowa: chembe za buluu hutuama kwenye vishimo vya karatasi, kahawia inatambaa pembeni, na katikati unapata kijivu chenye uhai ambacho hakitoki kwenye tyubu yoyote. Buluu ikizidi, una wingu la mvua. Zote zikiwa nzito, ni karibu nyeusi.

Kumbuka pia kwamba rangi hizi hupungua ukali zikikauka, kwa hiyo ziandae nzito kidogo kuliko unavyotaka, uzijaribu kwanza kwenye kipande cha karatasi ileile. Na zikishakutana kwenye picha, inua brashi. Kusugua ndiko kunakozichafua, hata kama ulizichagua vizuri.