Fisi Kaingia Zizini: Mbuzi Aliyeng'atwa, Sumu Kwenye Mzoga na Kipande cha Ngozi

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh. Mimi ni mfugaji mdogo, naishi upande wa Makuyuni, Monduli. Wiki iliyopita fisi aliingia zizini kwangu usiku wa manane. Tulipotoka na tochi alikwishaua mbuzi wawili. Wa tatu alikuwa ameraruliwa kiwele na paja, lakini bado amesimama analia. Nikasema Bismillahi nikamchinja palepale. Asubuhi jirani akaniambia hiyo nyama ni kibudu, kwa kuwa fisi kaionja. Mwingine akacheka: "Fisi kala mbuzi wako, na wewe mle fisi. Imam Shafii si kahalalisha?" Shemeji yangu anataka tuipake sumu ya shambani ile mizoga miwili tuiache korongoni. Mama naye anasema fisi yule hakuja mwenyewe, katumwa, na amenunua kipande cha ngozi kwa mganga, eti ni ya chui, tutundike mlangoni mwa zizi. Nishike lipi? Isitoshe, yule niliyemchinja nilimnunua kwa akika ya binti yangu, ile ya kuchinja kwa ajili ya mtoto aliyezaliwa.

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Pole sana, ndugu yangu. Mbuzi watatu kwa mfugaji mdogo ni pigo, na Allah akupe badala yenye kheri.

Nyama ya yule uliyemchinja ni halali. Natanguliza hilo ili kama bado ipo ndani isiozee kwenye sufuria kwa maneno ya jirani. Katika Suratul Maida, aya ya 3, Allah ametaja vilivyoharamishwa: nyamafu, damu, nyama ya nguruwe, kisha mnyama aliyekabwa koo, aliyepigwa, aliyeporomoka, aliyepigwa pembe, na aliyeliwa na mnyama mkali. Jirani yako ameishia hapo. Aya yenyewe inaendelea: isipokuwa mliyewahi kumchinja. Wewe uliwahi.

Na jambo hili si geni. Zayd bin Thabit, Allah amridhie, amesimulia kwamba dhiibu, yule ambaye tafsiri zetu humwita mbwa mwitu, alimng'ata kondoo, wenyewe wakamchinja kwa jiwe kali, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akawaruhusu wamle. Wamepokea Nasai na Ibn Majah katika vitabu vyao vya hadithi. Na katika Bukhari yupo yule kijakazi wa Kaab bin Malik aliyekuwa akichunga kwenye mlima Sal' pale Madina. Aliona mbuzi mmoja anakata roho, akavunja jiwe akamchinjia. Kaab akawazuia watu wa nyumbani kwake wasile mpaka Mtume aulizwe. Akaulizwa, akaamuru aliwe. Tazama adabu ya Kaab: hakumtupa mnyama, wala hakukimbilia kumla. Alisubiri akauliza, kama ulivyofanya wewe.

Sharti lililopo kwetu katika madhehebu ya Shafii ni kwamba wakati kisu kinapita, mnyama awe na uhai uliotulia. Si ile mitikisiko ya mwisho ya anayekwisha kufa. Alama zake mfugaji anazijua kuliko mimi: anasimama au anajaribu kusimama, anapeleka macho, anatoa sauti, na ukimchinja damu inaruka kwa nguvu na mwili unajipiga. Hata kama ulijua kwa majeraha yale asingefika adhuhuri, haidhuru. Kinachoangaliwa ni hali yake ya saa ile. Wa kwako alikuwa amesimama analia, kwa hiyo shaka haina pa kukaa. Angekuwa matumbo yamemwagika chini na jicho limeganda, ningekuambia umwache.

Ila kile kipande cha kiwele au paja alichokwisha kukinyofoa fisi hakiliwi, hata kama mlikiokota kizima, maana Mtume amesema kinachokatwa kutoka kwa mnyama aliye hai ni mfu. Pale alipong'ata, kata sehemu iliyochafuka, osha kwa maji, basi. Kuosha mara saba na mojawapo kwa udongo ni hukumu ya mbwa. Naligusa hili kwa sababu huku mjini Arusha, kuanzia Ngarenaro mpaka Kwa Mrombo, anayerarua mbuzi usiku mara nyingi si fisi, ni mbwa wa mitaani, na watu hawaulizi.

Wale wawili mliowakuta wamekufa ni nyamafu. Msiwale na msiwauze, na asitokee mtu akakuambia "wapeleke kwa mchoma nyama, wanunuzi hawatajua". Ngozi zao ungeweza kuzichuna ukazidabighi, yaani kuzitengeneza kwa dawa ya ngozi, zikatoharika ukazitumia. Ndivyo Mtume alivyoelekeza kuhusu kondoo wa Maymuna aliyekufa.

Sasa huyu bwana aliyecheka. Maneno yake yana asili, na nafikiri hata yeye hajui ina kina gani. Iko hadithi ya jumla katika Muslim kwamba kila mwenye chonge miongoni mwa wanyama wakali ni haramu kuliwa. Humo wanaingia simba, chui na jamaa zao, na kwetu Mashafii hakuna wa kubishana. Lakini Ibn Abi Ammar alimuuliza Jabir bin Abdillah kuhusu fisi: ni windo? Akasema ndiyo. Naweza kumla? Ndiyo. Umelisikia hili kwa Mtume? Ndiyo. Tirmidhi ameipokea akaisahihisha. Imam Shafii na Imam Ahmad wakamtoa fisi katika lile katazo la jumla, na Shafii akaongeza kwamba watu wa Makka waliendelea kuuza nyama yake kati ya Safa na Marwa bila mtu kukanya. Abu Hanifa akasema hapana, chonge ni chonge. Malik akaona ni karaha, yaani yachukiza bila kufika haramu.

Hapo ndipo kicheko cha jirani kinapoishia, na mimi naomba nikae kidogo. Fisi wa Bara Arabu ni yule mwenye michirizi, mwenye manyoya marefu mgongoni, anayeishi zaidi kwa mizoga na masalio. Wanachuoni wetu walioeleza kwa nini ametolewa katika katazo walisema chonge yake si ya kushambulia. Yule aliyekuja kwako Makuyuni ni fisi madoa. Yupo kijana katika darasa letu la baada ya Magharibi, ni dereva wa watalii. Siku nilipofundisha mlango huu alinyanyua mkono: "Sheikh, huyo wa kitabuni sijamwona. Wa Ngorongoro anamkimbiza nyumbu mpaka anamwangusha, na simba ndiye anakuja kumnyang'anya." Kijana ana hoja. Mtafiti Hans Kruuk, aliyeishi Serengeti katika miaka ya 1960 akiwafuatilia usiku, alionyesha kwamba fisi madoa wa Serengeti na Ngorongoro sehemu kubwa ya chakula chao wanaiua wenyewe. Sisi tulikuwa tumezoea kumwona asubuhi amesimama kando, simba anakula, tukadhani ni mlamba masazo.

Mimi si mujtahidi, mwanachuoni wa kutoa hukumu kwa utafiti wake mwenyewe, na simwondoi Imam wangu katika hadithi sahihi. Nasema tu kwamba ikiwa sababu ya ruhusa ni kutoshambulia, basi huyu wetu sababu hiyo haimkai vizuri, na mwenye kujiweka mbali naye amejilinda. Ongeza kwamba fisi wa karibu na makazi anakula jalala zima. Wanachuoni wana jina la mnyama alaye uchafu, jallala, na wamechukia nyama yake. Sikio la Mswahili halihitaji kutafsiriwa neno hilo. Na juu ya yote, kuwinda mnyamapori bila kibali ni kosa katika sheria ya nchi. Mwambie jirani atafute kitoweo kingine.

La shemeji yako ndilo lililonifanya niandike kwa urefu. Hasira yake naielewa. Lakini sumu kwenye mzoga haijuzu, na sioni njia ya kuihalalisha.

Sheria imetofautisha baina ya kuzuia na kulipiza. Usiku ule, fisi akiwa ndani ya zizi, ungempiga mkuki akafa, huna dhambi. Huko ni kumzuia mvamizi, na mali yako unaruhusiwa kuitetea, ukianza na dogo linalotosha: kelele, moto, fimbo, kisha zaidi. Mtume ametaja viumbe wanaouawa hata ndani ya Haram, eneo takatifu la Makka, kwa madhara yao, akiwemo mbwa mkali, na Imam Malik katika kitabu chake Muwatta akaeleza kuwa maana yake ni kila anayeshambulia na kutisha watu, kama simba, chui, duma na dhiibu. (Waongoza watalii wa hapa Arusha watakuambia duma ndiye mwoga kuliko wote, hata fisi humpora windo. Tuyaache hayo.) Ila Malik huyohuyo, alipofika kwa fisi, akamweka upande wa wale wasioshambulia watu, kwamba aliye katika ihramu ya hija au umra asimuue, na akimuua atoe fidia.

Kesho yake asubuhi mambo yamebadilika. Hakuna anayekuvamia. Unataka kumuua nani? Hujui ni fisi yupi. Sumu nayo haiulizi. Watakaofika wa kwanza kwenye ule mzoga ni tai, maana wao wanauona kutoka angani, na hawakukuibia hata kwato. Watafuata bweha, mbwa wa jirani anayelinda mbuzi kama wako, na mvua ikinyesha korongo litapeleka kilichobaki mahali ng'ombe na watoto wanapokunywa. Na tai wakiisha, mizoga ya kesho nani ataisafisha?

Bukhari na Muslim wamepokea kisa cha nabii mmoja wa zamani aliyeng'atwa na sisimizi, akaamuru kichuguu kizima kichomwe. Allah akamfunulia kwa kumlaumu: mbona si sisimizi mmoja tu? Umeteketeza umma unaonisabihi. Huyo ni nabii, na waliochomwa ni sisimizi. Na Mtume wetu amesema kuhusu mbwa kwamba lau wasingekuwa umma miongoni mwa umma, angeamuru wauawe. Neno "umma" limetoka katika Suratul An'am, aya ya 38: hakuna mnyama ardhini wala ndege arukaye kwa mbawa zake mbili ila ni umma kama nyinyi. Fisi aliyekuja kwako huenda ana watoto shimoni, wanamsubiri kwa maziwa tu. Njaa yake si dhambi. Sumu yenu ndiyo itakayohesabiwa.

Fukieni ile mizoga kwa kina, ikiwa bado haijaguswa. Halafu nenda ofisi ya kijiji ukaandikishe hasara, wamwite afisa wanyamapori wa wilaya aone. Zipo kanuni za mwaka 2011 za kifuta jasho na kifuta machozi, yale malipo ya serikali kwa walioumizwa na wanyamapori. Haki yako usiiache kwa uvivu wa kufuatilia, ingawa najua safari zake.

Na zizi, ndugu yangu. Ulisema mlitoka na tochi, hukusema aliingia wapi. Mtu alimuuliza Mtume kuhusu mnyama wake, amwache huru na amtegemee Allah, au amfunge? Akaambiwa amfunge kisha ategemee. Miiba mikavu fisi anaisogeza kwa kichwa. Ndugu zetu Wamaasai wa upande wa Simanjiro siku hizi wanapanda miti inayochipua kuzunguka boma lote, wanaifanya nguzo, wanafungia waya wa wavu kuanzia chini. Mti unakua, haulambwi na mchwa kama gogo. Nenda ukatazame, waulize gharama.

Kwa mama nitasema kwa upole, na ninaomba umfikishie kwa upole pia. Hii habari ya fisi kupandwa na wachawi sisi sote tumekua nayo, hata mimi bibi yangu alinitisha nayo. Lakini fisi mwenye njaa akiona mbuzi na ua bovu hahitaji kutumwa. Hatari iko kwenye swali linalofuata: katumwa na nani? Mpaka Ijumaa mtakuwa mmekwisha kumpata jirani wa kumnunia, pengine mjane asiye na mtetezi. Suratul Hujurat, aya ya 12, imetuambia tujiepushe na dhana nyingi, kwa kuwa baadhi ya dhana ni dhambi.

Kile kipande cha ngozi kitoeni. Mtume amesema aliyetundika hirizi amefanya shirki. Amepokea Imam Ahmad. Na kama ni ngozi ya chui kweli, kuna katazo juu ya katazo, kwa sababu zimekuja hadithi za kukataza kutandika na kukalia ngozi za chui. Kisha serikali inaiita nyara, kuwa nayo bila kibali ni kesi, na aliyemuuzia mama hatakuwepo mahakamani. Mama asome Ayatul Kursiy jioni, wewe ufunge mlango kwa komeo.

Limebaki la akika. Mbuzi huyu hahesabiki. Kwetu mnyama wa akika ni kama wa udhiya, yule wa Idi ya kuchinja, asiwe na kilema kinachopunguza nyama, nawe ulimchinja kumwahi asife, si kwa nia ya akika. Ila usibebe mzigo usio wako. Akika ni sunna, siyo deni, na muda wake kwa mzazi unaendelea mpaka mtoto abaleghe. Kwa binti ni mbuzi mmoja. Kama ulikuwa umeiwekea nadhiri kwa ulimi, hiyo ni hukumu nyingine, njoo darasani tuizungumze. Kama hukuweka, pumzika, jikusanye, na Allah akikufungulia, mnunue aliyetimiza miaka miwili, mzima wa macho na miguu, na safari hii alale upande wa ndani wa zizi.

Wallahu a'lam.