Vinamasi "ambavyo" miti iliota, au "ambamo"?

SWALI: Katika makala yangu kuhusu Lepidodendron, mti wa kale wenye nasaba na likopodi za leo (mimea midogo isiyotoa maua), niliandika "vinamasi ambavyo miti hiyo iliota". Mhariri akabadilisha ikawa "ambamo". Nimekosea wapi? Na mbona hakuweka "ambapo"?

JIBU: Mhariri yuko sahihi. "Vinamasi ambavyo vilikauka" ni Kiswahili safi, kwa kuwa vinamasi ndivyo vilivyokauka. Kwako iliyoota ni miti, vinamasi ni mahali tu, na mahali hudai po, ko au mo.

Kwa nini mo? Mo ni ya ndani. Lepidodendron ilifika mita 30 na zaidi, lakini mizizi yake, ambayo wanasayansi huiita Stigmaria, haikuzama sana. Ilitambaa kwa mlalo topeni na kutoa vijizizi pande zote. Mti ulikuwa umejikita humo hasa, miaka zaidi ya milioni 300 iliyopita, katika kipindi cha Kaboniferasi. "Ambapo" si kosa la kufa mtu, ila inapoteza lile tope. Siku hizi watu wameigeuza "ambapo" kuwa kiraka cha kila sentensi, hata pasipo na mahali wala wakati, na hilo ndilo linalonikera zaidi kuliko kosa lako.

Po ina kazi yake: mahali mahususi unapoweza kupanyoshea kidole. Kule Glasgow, Uskoti, visiki 11 vya miti ya jamii hii vilivyofukuliwa mwaka 1887 vingali palepale vilipoota, mizizi imetandaa. Hapo andika "mahali ambapo" bila wasiwasi. Ko ni ya eneo pana: "Ulaya na Amerika Kaskazini, ambako magome yenye makovu ya majani hupatikana kwenye tabaka za makaa ya mawe". Angalia kitenzi, lakini: magome hupatikana huko, hayaoti. Wengi huandika "visukuku viliota kinamasini"; kilichoota ni mmea, kisukuku ni mabaki yake.

Mo hurudi tena Joggins, Kanada: "visiki vyenye uwazi ambamo mabaki ya Hylonomus, mtambaazi wa kale, yalipatikana". Ukiweka "ambapo", msomaji atadhani mnyama alikuwa kando ya kisiki.

Ukiona "amba-" inakuelemea, andika "vinamasi ilimoota miti hiyo". Mimi ningechagua hiyo.