Taa za Gari Zilizofubaa: Msasa ni Nusu tu ya Kazi

Gari nyingi za mtumba kutoka Japani, IST, Premio, Noah na nyinginezo, "kioo" cha taa za mbele si kioo. Ni plastiki ya polikaboneti, ambayo kiwandani hupakwa utando mwembamba mgumu wa kuzuia mikwaruzo na mionzi ya jua. Utando huo ndio unaogeuka njano, ukapasuka na kubanduka kidogo kidogo. Ukishaisha, jua linaila plastiki yenyewe.

Kabla ya kununua chochote, mwagia taa maji. Ikionekana safi ikiwa imelowa, ubovu uko nje na unatengenezeka. Ikibaki na ukungu vilevile, tatizo liko ndani: unyevu umeingia kwa mpira wa nyuma uliolegea au gundi iliyoachia, au sahani ya kuakisi mwanga imeungua kwa sababu mtu alifunga balbu ya wati 100 mahali pa wati 55. Nyufa nyembamba kama nywele zilizo ndani ya plastiki nazo hazitoki kwa msasa.

Dawa ya meno inang'arisha kweli, kwa kuwa ina chembe za kusugua, lakini haiachi kinga yoyote, na baada ya wiki chache ukungu unarudi. Dawa ya kufukuza mbu yenye DEET ni mbaya zaidi. Inayeyusha uso wa plastiki, ndiyo maana unaona mng'ao wa ghafla, na ikidondokea rangi ya boneti inaiharibu. Petroli na thina pia ziweke mbali, zinapasua polikaboneti.

Kazi yenyewe inahitaji msasa wa maji namba 600, 800 na 1000, nusu karatasi ya kila namba, uliolowekwa kama dakika 10 kwenye maji yenye matone ya sabuni. Osha taa, kisha zungushia bodi tepu ya karatasi tabaka mbili. Msasa ukigusa rangi mara moja tu umejiongezea kazi nyingine. Anza na 600. Maji yatatoka na tope la njano, nao ndio utando wa zamani. Endelea mpaka tope liwe jeupe taa nzima, hasa kwenye kona na kingo, kwa sababu utando ukibaki pembeni utaonekana kama duara baada ya kumaliza. Wengi huogopa hapa, maana taa inazidi kuwa nyeupe kama maziwa. Usiogope.

Namba 600 ukisugua kwa kulala, 800 sugua kwa kusimama. Ukiona mistari ya kulala imeisha yote, ndipo uende 1000. Anayeruka namba huikuta mikwaruzo yake juani, wakati kliya (rangi angavu ya juu ya kukinga) imeshakauka.

Sasa kinga, na hapa ndipo kazi nyingi za gereji zinapoharibika. Fundi anapiga msasa, anapiga kompaundi (dawa ya kung'arisha) kwa mashine, taa inang'aa, mteja analipa, na baada ya miezi michache njano imerudi kwa sababu plastiki imeachwa uchi. Kinga ya kudumu ni kliya ya gari yenye hadna, yaani dawa ya kuigandisha. Mililita 60 za kliya kwa 30 za hadna zinatosha taa mbili kama kopo linasema mbili kwa moja. Nyingine ni nne kwa moja, kwa hiyo soma kopo. Ishia namba 1000, usipige kompaundi kwanza, kwani kliya haishiki kwenye uso laini sana. Futa kwa spiriti, acha ikauke. Puliza koti la kwanza jepesi, subiri dakika 10, kisha koti la pili zito kiasi. Fanya hivyo siku kavu isiyo na upepo wa vumbi. Mvua ikikaribia, ahirisha, maana unyevu unaiacha kliya na weupe. Hadna ina kemikali zinazoweza kuleta pumu: vaa barakoa yenye vichujio vya mkaa, ile ya kitambaa haisaidii.

Kama huna mpulizaji, endelea na 1500, 2000 na 3000, piga kompaundi kwa mwendo mdogo (mashine ikikaa sehemu moja inachemsha plastiki), halafu paka nta yenye kinga ya jua na uirudie kila mwezi. Inafaa, ila ukisahau miezi miwili mitatu umerudi mwanzo.

Taa yenye kliya mpya isioshwe kwa siku mbili. Baadaye tumia shampuu ya gari na kitambaa laini, wala si sabuni ya unga na dodoki la waya. Gari ikishinda nje kutwa, igeuze pua kivulini. Kliya ikianza kuchubuka, usiweke kiraka: ipige msasa yote, upulize upya.