Maswali ya Wasomaji: Mgonjwa Akiuliza "Nitakufa?"

SWALI: Nasimamia wauguzi 14 kwenye wodi ya huduma shufaa, yaani ya kuwapunguzia mateso wagonjwa wenye maradhi mazito. Wamehudhuria semina mbili za kuzungumza na wagonjwa na wafiwa, na mtihani walifaulu wote. Lakini mgonjwa akiuliza "Nitakufa?" bado humwambia asiwaze hayo, wakanyoosha shuka na kuondoka. Tunakosea wapi? – Msimamizi wa wodi

JIBU: Wauguzi wako wanalijua jibu la kwenye karatasi. Hawajawahi kulitamka mbele ya mtu anayewatazama usoni.

Mihadhara isizidi saa moja. Muda uliobaki uwe wa igizo dhima: muuguzi azungumze na mtu anayeigiza mgonjwa. Wagawe makundi matatu, kila kundi na mwezeshaji wake. Mgonjwa aigizwe na mtu wa nje ya wodi, kwa sababu wanaofanya kazi pamoja huishia kucheka au kumrahisishia mwenzao. Mwigizaji apewe maelezo ya nusu ukurasa: umri wake, anachokijua kuhusu ugonjwa, anachokiogopa, na maneno gani akiambiwa atanyamaza. Hilo la mwisho wengi hulisahau, na ndilo linalomfunza muuguzi kwamba "usijali" hufunga mazungumzo.

Igizo lichukue dakika 5 hadi 8. Muuguzi akikwama ainue mkono, wote wasimame. Aeleze kwanza yeye mwenyewe alikusudia nini, kisha mwigizaji aseme maneno yale yalivyomgusa; watazamaji wawe wa mwisho. Halafu arudi sentensi mbili nyuma na ajaribu tena palepale. Msipofanya hivyo, atakuwa amekosolewa hadharani bila kupata maneno mapya ya kutumia.

Kuhusu swali lenyewe: muuguzi avute kiti, akae, aulize, "Mama, kuna jambo gani lililokufanya uniulize leo?" Huenda mgonjwa anaogopa maumivu ya usiku, au anahesabu siku hadi mwanawe arudi. Baada ya kuuliza, anyamaze. Mwezeshaji ahesabu kimoyomoyo hadi 10. Wanaoanza wengi hawafiki hata 4. Kama kutoa taarifa za ugonjwa si kazi ya muuguzi, aseme hivyo bila kuzunguka, amwite daktari, kisha arudi naye.

SWALI: Mkufunzi wetu anataka tutambue mfiwa yuko hatua ipi kati ya zile 5 za majonzi: kukana, hasira, kujadiliana, huzuni kuu na kukubali. Ninayemhudumia haingii popote. – Mwanafunzi wa unasihi

JIBU: Usimlazimishe aingie. Hatua hizo alizieleza daktari wa magonjwa ya akili Elisabeth Kübler-Ross mwaka 1969 kutokana na mazungumzo na watu waliokuwa wakikaribia kufa; wafiwa walivalishwa baadaye. Madhara yake kazini tunayaona: mnasihi husubiri hasira, na isipotokea hudhani mtu anaificha.

Watafiti wa majonzi Margaret Stroebe na Henk Schut, mwaka 1999, walieleza jambo linalofanana zaidi na maisha. Mfiwa huenda na kurudi: asubuhi anamlilia marehemu, mchana anashughulikia hati za benki na hata kucheka. Usimwambie anakwepa. Anayehitaji kuangaliwa kwa karibu ni yule aliyeganda upande mmoja kwa miezi. Hata hivyo, ICD-11, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kuainisha magonjwa, hauyahesabu majonzi kuwa ugonjwa kabla ya miezi 6 angalau, na ni lazima yawe yamevuka wazi kiasi cha utamaduni na dini yake, tena yawe yanamkwamisha maishani.

SWALI: Mtoa huduma akitokwa machozi mbele ya mgonjwa, amekosea? – Msomaji

JIBU: Hapana. Kosa linaanza pale mgonjwa anapolazimika kumbembeleza yeye. Mambo yakifika hapo aseme, "Naomba nitoke kidogo, nitarudi saa nne na nusu." Na saa nne na nusu awe amerudi.