Robert Plant jukwaani: nenda, sauti ipo

Mkuu, umeuliza kama inafaa kulipia tiketi ya Robert Plant sasa hivi, mwimbaji wa roki aliyezaliwa 1948. Nenda bila kusita. Ila usiende kuwatafuta Led Zeppelin, bendi ya Kiingereza aliyoiimbia ujanani. Bendi ile ilivunjika mwaka 1980 baada ya mpiga ngoma wao, John Bonham, kufariki, na waliporudi jukwaani London Desemba 2007 ilikuwa usiku mmoja tu.

Yale makelele ya juu ya ujanani hayalazimishi tena, na hapo ndipo ninapomheshimu zaidi. Nyimbo za zamani anazishusha, anazigeuza, nyingine unazitambua baada ya muda. Sikiliza kwanza alivyoimba na Alison Krauss, mwimbaji wa Marekani. Albamu yao ya 2007 ilizoa tuzo za Grammy.

Halafu mzee huyu anaipenda Afrika kwa dhati: 2003 alipiga Mali, kwenye tamasha la jangwani, na baadaye bendi yake ilikuwa na Juldeh Camara wa Gambia, mpiga zeze la uzi mmoja.

Bei ikikubana, chukua kiti cha nyuma. Akiwa na bendi yake Saving Grace hupiga zaidi kwenye kumbi za tamthilia, si viwanjani, kwa hiyo bado utamsikia vizuri.