Maswali Yenu: Miungu Kwenye Sarafu za Fedha za Roma

SWALI: Mjomba ameniachia sarafu ya fedha. Upande mmoja kuna kichwa chenye kofia ya vita na alama ya X. Wa pili kuna wapanda farasi wawili, chini yao neno ROMA. Ni miungu gani, na nitajuaje kama ni halisi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Ukiwa na bahati, hiyo ni denari ya Jamhuri ya Roma. Kichwa ni cha mungu wa kike Roma, yaani mji wenyewe. Wapanda farasi ni miungu pacha, Castor na Pollux. Tazama nyota juu ya kila kofia. X ni thamani: asi 10, yaani sarafu ndogo za shaba. Denari za kwanza, za mwaka 211 KK hivi, zilikuwa na gramu 4.5, baadaye zikashuka hadi karibu 3.9.

Ipeleke kwa sonara aipime. Ikisoma gramu 3 au pungufu, ishuku. Kisha ukague ukingo kwa lenzi inayokuza mara 10. Mstari ulionyooka kuzunguka ukingo mzima, au vitundu vidogo vidogo usoni, ni dalili ya kumiminwa kwenye kalibu, ilhali denari ziligongwa kwa nyundo. Picha isipokaa katikati usife moyo, mkono wa mgongaji haukulenga kila mara. Shaba ikichungulia penye mikwaruzo, huenda ni bandia ya enzi zile zile, shaba iliyovikwa fedha. Hizo nazo zina wanunuzi wake.

SWALI: Nina denari mbili za Kaisari Domitianus, zote zina Minerva, lakini hazifanani. Moja ni feki?

JIBU: Si lazima. Domitianus (81–96 BK) alimpenda Minerva, mungu wa kike wa hekima na vita, kupita kiasi, akamchora kwa mikao minne mikuu: anashambulia kwa mkuki na ngao, amesimama juu ya nguzo yenye omo (sehemu ya mbele) la meli huku bundi akiwa miguuni, ameshika mkuki tu, au ameshika radi na mkuki, ngao ikiwa kando.

SWALI: Naweza kuisugua kwa dawa ya meno?

JIBU: Hapana! Inakwangua uso, na bei inaporomoka. Iloweke kwenye maji yaliyotoneshwa (distilled water), uyabadilishe kila siku hadi udongo ulainike, kisha uikaushe kwa kuigandamiza polepole na kitambaa laini. Usiipinde: fedha iliyokaa ardhini karne nyingi huwa dhaifu, hukatika kama biskuti.