Maana za neno "piano" katika Kiitaliano

Umeuliza inakuwaje neno "piano" limaanishe ghorofa, polepole na pia kinanda. Asili yake ni "planus" ya Kilatini, yaani tambarare, na kutokana na usawa huo zikazaliwa maana ya ghorofa na ile ya utulivu: kwenda taratibu, kusema kwa sauti ya chini. Kinanda kilipata jina kwa ufupisho tu wa "pianoforte", kwa kuwa chombo alichounda Bartolomeo Cristofori mjini Firenze, kilichotajwa katika orodha ya ala za muziki ya mwaka 1700, kiliweza kutoa "piano" na "forte", sauti ndogo na kubwa. Nakushauri utazame maneno jirani: "parla piano" ni agizo la kupunguza kasi au sauti, ilhali "primo piano" ni ghorofa ya kwanza au, kwa wapiga filamu, picha ya karibu.